Ukuta wa Rangi ya Feruzi

Feruzi alijiita fundi wa rangi, na Rumonge nzima ilimwacha ajiite hivyo, maana kujiita hakutozwi kodi, na Mdachi, yaani mtawala wa Kijerumani, alikuwa bado hajalifikiria hilo. Kazi yake ilikuwa kusiliba kuta za vyumba na kuzipaka. Mikono yake ilikuwa mizuri kwelikweli, tusimdhulumu. Kilichomponza ni kichwa, kwa jinsi kilivyokuwa kimevimba.

Ufundi aliupata Ujiji kwa mzee mmoja aliyeitwa Hadji, mtu wa maneno machache na makofi mengi. Hadji ndiye aliyemfundisha kwamba udongo ukiwa mbichi hudanganya, kwa hiyo usiuamini mpaka ukauke. Alimwonyesha kwamba chumba kidogo kikipakwa udongo wa manjano huonekana kimepanuka, na kwamba tone moja tu la buluu ya kufulia hufanya kanzu iliyochakaa ionekane nyeupe kuliko nyeupe yenyewe. "Rangi haina tabia yake," Hadji alizoea kusema. "Ina tabia ya majirani zake. Mweke mwekundu karibu na mweupe, mweupe naye atabadilika. Na jirani mkubwa kuliko wote ni uso wa mtu."

Ndiyo maana mafundi wa pwani ile ya ziwa walikuwa na desturi waliyoiita kuketisha. Kabla ya kupaka chumba cha bibi harusi, fundi hupaka bamba moja tu ukutani, kubwa kama sinia. Likishakauka, somo wa bibi harusi, yaani yule mama anayemfunda, huketi chini ya bamba hilo uso wazi, saa ileile ambayo bibi harusi atatazamwa. Wanawake humwangalia. Wakisema uso umependeza, fundi humaliza ukuta. Wakisema umeharibika, fundi hukwangua na kuanza upya, naye wakati wote huo yuko nje mlangoni, akisubiri hukumu.

Feruzi hakuipenda desturi hiyo. Kusubiri hukumu ya wanawake kulimkera, na mwanamke mmoja alimkera kuliko wote.

Huyo alikuwa Zuwena. Kabla Feruzi hajaja Rumonge, vyumba vyote vya mji vilikuwa mikononi mwa Zuwena. Alichimba udongo mwekundu kwenye vilima vya Kizuka na mweupe mtoni, akachanganya na masizi na maji ya muhogo, na chumba alichokipaka ulikaa ndani yake ukajisikia umekaribishwa. Feruzi alikuja na kofia ya Ujiji na mdomo wa Ujiji, akawaambia watu kwamba udongo wa Zuwena ni rangi za bibi zao, na wateja wakahamia kwake mmoja mmoja. Zuwena hakugombana naye. Alimsalimia "amahoro," yaani amani, kila walipokutana, na salamu ile ilimwasha Feruzi kuliko matusi.

Basi Asmani, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa akiwanunua Gitaza na kuwauza Ujiji, alikuwa anamwoza mwanawe Shafii. Bibi harusi aliitwa Riziki, binti wa mjane Esha, mkamua mawese wa Kizuka. Asmani aliongeza chumba nyuma ya nyumba, akamwita Feruzi.

"Nataka chumba ambacho mutu hajaona bado huku Rumonge," Asmani akamwambia.

Hakujua amemgusa Feruzi kwenye kidonda. Alipokuwa kijana, Feruzi aliona pete ya tajiri mmoja Ujiji, na jiwe lake lilikuwa la feruzi, si buluu wala si kijani, na watu walimwambia kwamba hilo ndilo jina lake. Tangu siku ile alitamani kupaka ukuta mmoja wa rangi ile. Alikuwa na buluu ya kufulia aliyoiagiza kwa Mhindi wa Usumbura. Akaichanganya na udongo mweupe na wa manjano kidogo, akaijaribu kwenye ubao ufukweni, saa nane, jua likiwaka. Ikakauka. Ilikuwa rangi ya pete yenyewe! Feruzi alikaa akautazama ule ubao mpaka macho yakamlenga machozi, na hapo simlaumu, kila mtu ana kitu chake.

Lakini chumba hakikuwa ufukweni. Chumba cha Asmani kilikuwa na dirisha moja dogo upande wa mashariki, na nje ya dirisha hilo migomba imebanana. Mwanga wa asubuhi ulipita kwanza kwenye majani ya migomba ndipo uingie ndani, nao uliingia umeshakuwa wa kijani. Feruzi aliliona hilo. Alijua pia kwamba ingefaa apake bamba na amwite somo aketi. Na somo wa Riziki alikuwa nani? Zuwena. Feruzi alimwona kwa mawazo ameketi pale chini, akisema kwa sauti yake ya upole, "Hapana, ndugu yangu, iko mbaya," na wanawake wote wakiitikia.

Alipaka kuta zote nne siku mbili mfululizo, mlango umefungwa.

Asubuhi ya mwisho, akisafisha kipembe cha dirisha, aliuona mkono wake mwenyewe ukutani. Ulikuwa kama mkono wa maiti, wa kijani na manjano, kucha zimefifia. Alidhani ni rangi imemganda, akaenda akanawa. Aliporudi mkono ulikuwa vilevile. Akanawa tena. Mara ya tatu hakuutazama, akachukua ndoo zake akatoka.

Lazima niseme mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa mwaka wa malale. Wadachi walikuwa wamefyeka vichaka vya pwani kuwafukuza mbung'o, wakajenga kambi ya wagonjwa mwendo mfupi kutoka mjini, upande wa Kigwena, na amri ilikuwa kwamba mtu yeyote mwenye dalili apelekwe. Watu waliijua dalili: uso kuvimba na kupauka, macho mazito, tezi shingoni. Walisimulia kwamba wengine waliochomwa sindano kambini walitoka hawaoni, na wengine hawakutoka. Aliyetajwa tu malale, hata akipona, nani angemwoa?

Siku ya kutazamwa bibi harusi ikafika. Riziki alikuwa hajalala sawasawa siku mbili kwa ngoma na wageni, akaketishwa kwenye mkeka mpya, mgongo ukutani, ushungi ukafunuliwa. Saa tatu asubuhi. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakaingia, wakiongozwa na Bi Kadidja, dada yake Asmani, aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Feruzi alikuwa barazani na wanaume, kofia imeinama upande, akingoja sifa.

Vigelegele vilianza, vikakatika.

Bi Kadidja akatoka peke yake. Mama huyu, msimwone mbaya, alikuwa amezika mume na watoto wawili mwaka uliotangulia. Alisimama mbele ya kaka yake.

"Asmani, ndugu yangu, ile sura naijua. Nimeiuguza mara tatu. Huyu mutoto ana malale."

Shafii alisimama, akakaa, akasimama tena. Na Feruzi, kabla ya mtu mwingine yeyote, alijua. Alijua si malale. Alijua ni ukuta. Aliona mkono wake mwenyewe kwenye kile kipembe cha dirisha, wazi kabisa.

Zuwena akatokea mlangoni. Hakwenda kwa Asmani wala kwa Kadidja. Alimfuata Feruzi, akamwita pembeni, karibu na mtungi wa maji.

"Feruzi," akasema polepole. "Mutoto nimemulea mimi. Jana iko muzima, anakula, anacheka. Leo mule ndani anafanana na mufu. Niambie kweli. Ule ukuta, uliketisha mutu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Neno moja tu lilihitajika. Lakini wanaume walikuwa wanatazama, na aliyeuliza alikuwa Zuwena.

"Niliketisha," akasema Feruzi.

"Nani?"

"Mutu wa kwangu. Alikaa asubuhi, kama inavyotakiwa. Uso wake ulikuwa safi."

Sasa, mafundi husema uongo. Fundi akikuambia kesho, jua ni wiki ijayo. Lakini kuhusu kuketisha, hakuna fundi wa pwani ile aliyewahi kusema uongo, kwa sababu haikuwahi kumpitikia mtu kwamba inawezekana. Zuwena alimwamini. Feruzi aliona jinsi imani ile ilivyomwingia mama wa watu, jinsi mabega yalivyoshuka.

"Basi kama si ukuta," Zuwena akanong'ona, "ni mutoto." Akaketi chini pale pale penye mtungi, akajifunika uso. Riziki hakubaki na mtu wa kumtetea.

Asmani hakuwa katili. Alisema bibi harusi apelekwe kambini akapimwe, na likithibitika jambo, basi tena. Riziki akatolewa mlango wa nyuma, mama yake Esha amemshika mkono mmoja na Zuwena mwingine, hina bado mbichi miguuni; Asmani, Bi Kadidja na wageni wakawafuata nyuma. Njia ilipita sokoni. Kinamama waliokuwa wakianua dagaa waliwavuta watoto wao nyuma ya nguo zao. Hakuna aliyemtukana, na pengine ingekuwa afadhali wangemtukana. Riziki alitembea akitazama mbele, na mara moja tu alimwuliza mama yake, "Mama, nafanana namna gani?" Esha akaukaza tu mkono aliomshika.

Feruzi alifuata kwa mbali. Njia ile ina michikichi kando kando, na kila mchikichi alijiambia: nikifika huu, nasema. Akafika, hakusema. Akachagua mwingine. Aliipita yote namna hiyo, mpaka michikichi ikaisha na ua wa kambi ukaonekana. Aibu ilikuwa imemjaa, na bado aliiogopa aibu nyingine, ile ya kusema.

Kambini walipanga foleni juani. Msaidizi wa daktari alimwambia Riziki afunue shingo mbele ya watu wote, bibi harusi wa siku tatu, naye akafunua. Vidole vya mgeni vikapita shingoni kutafuta tezi. Wakamchoma kidole, daktari Mdachi akaitazama damu kwenye kioo chake cha kukuzia muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa.

"Hana kitu," msaidizi akasema. "Muzima kabisa. Anayefuata."

Na pale juani kila mtu aliona. Uso wa Riziki ulikuwa mweusi, laini, wenye afya, mashavu yamejaa. Bi Kadidja alimkaribia, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Mungu wangu. Basi mule ndani nimeona nini?"

Mwanamke mmoja nyuma akajibu, "Sihiri." Neno likaruka kutoka mdomo hadi mdomo. Macho yakahama kutoka kwa Riziki yakamwangukia Esha, mjane, anayekaa peke yake Kizuka na vyungu vyake vya mawese. Nani anajua anapika nini ndani ya vyungu vile? Esha akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni ukuta," Feruzi akasema.

Alisema kwa sauti ndogo mno, hakuna aliyesikia. Ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Ni ukuta! Si malale, si sihiri. Ni ukuta wangu."

Walidhani anamhurumia mjane. Asmani alimwambia anyamaze. Feruzi akamwendea Bi Kadidja, akapiga magoti vumbini, kofia ya Ujiji ikamdondoka. "Mama, nakuomba. Turudi. Ukae wewe mwenyewe pale alipokaa."

Wakarudi. Jua lilikuwa juu, na majani ya migomba yalikuwa yanang'aa dirishani. Bi Kadidja aliketi kwenye mkeka mpya, mgongo ukutani, akavua ushungi. Wanawake walijazana mlangoni na wanaume nyuma yao. Uso wa mama yule, aliyekuwa mzima kama chuma, ulipauka mbele yao ukawa kijani na manjano, mashimo yakaingia chini ya macho.

"Dada," Asmani akasema, "toka humo. Toka."

"Nipeni kioo," akasema Bi Kadidja. Wakampa. Alijitazama. Hakulia kwa ajili ya Riziki peke yake, nadhani. Aliona sura tatu alizozizika zikimtazama kutoka kwenye uso wake, akalia mpaka wakamtoa kwa kumbeba.

Zuwena ndiye aliyebaki mbele ya Feruzi.

"Uliniambia uliketisha."

Feruzi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Ilikuwa imesilibwa vizuri mno, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisiliba.

"Hakukaa mutu," akasema.

"Nilimuacha mutoto wangu kwa neno lako," Zuwena akasema. "Ukuta ni udongo, tungeukwangua. Mimi nilimushika mukono nikamupeleka, na moyoni nilishamuzika. Alinitazama njiani, akaona nimeshamuzika. Hilo utalikwangua na nini?"

Riziki alisikia yote, amesimama uani. Hakumtazama mtu. Alimshika mama yake mkono wakaenda zao Kizuka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku arobaini zikapita. Watu hawakumpiga Feruzi wala hawakumfukuza. Waliacha tu kumwita fundi. Walimwita Feruzi, basi, jina tupu, na yeye aligundua jinsi jina hilo lilivyomchosha. Msikitini alisali safu ya nyuma na kutoka wa kwanza. Siku moja alifunga mzigo wake akaenda pwani, mtumbwi wa Ujiji ukiwa tayari, akatia mguu majini. Kisha akafikiri kwamba hata Ujiji angekuwa na mkono uleule. Akarudi nyumbani na mzigo.

Shafii alikwenda Kizuka mara tatu kumbembeleza mkewe. Mara ya kwanza hakufunguliwa. Mara ya pili alipewa maji. Mara ya tatu Riziki alimwambia kwamba atarudi, ila chumba kipakwe na Zuwena, na wakati wa kuketisha atakayeketi awe Feruzi. Na mlango uwe wazi kwa mwanamke yeyote wa Rumonge atakayetaka kutazama.

Zuwena alimfikishia ujumbe huo bila kuongeza chumvi. "Ukikataa, hakuna atakayekulazimisha," akamwambia.

Feruzi alikuja kabla ya saa iliyotajwa. Alikuta ukuta wa rangi ya jina lake umekwanguliwa wote, vipande vyake viko nje kwenye lundo, vikiwa vimeloa umande. Akaketi kwenye mkeka, kichwa wazi, na wanawake wakaja: wauza dagaa, wakamua mawese, wake wa waliokuwa wateja wake. Waliingia wawili wawili, wakasimama, wakamtazama usoni kwa nafasi zao kama watu wanaochagua samaki.

Bamba la kwanza lilikuwa jeupe tupu. "Maiti," wakasema, na Zuwena akalikwangua. Siku ya pili akaongeza udongo mwekundu. "Huyu sasa iko mulevi," wakasema, wakacheka, na Feruzi akaona vile walivyosema kweli, maana alijiona kwenye kioo walichomwekea mbele. Siku ya tatu Zuwena alichukua udongo mweupe, akatia mwekundu kiasi cha kijiko kwa ndoo, na manjano kidogo sana, ili kuushinda ule mwanga wa migomba. Ulipokauka haukuwa na jina. Haukuwa mweupe wala mwekundu, na hakuna jiwe lenye rangi hiyo.

Asubuhi ya nne Riziki akaja mwenyewe. Wanawake wakampisha. Alisimama mlangoni, akamtazama Feruzi muda mrefu kuliko wote, na Feruzi hakuinamisha uso, kwa sababu anayeketishwa haruhusiwi kuinamisha. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi, aliyapanga usiku na mchana, lakini anayeketishwa haruhusiwi kusema pia. Kwa hiyo alikaa akatazamwa, macho yakamlenga machozi.

Riziki akamgeukia Zuwena.

"Somo yangu, paka hii," akasema. "Iko nzuri. Hata huyu anafanana na mutu mwema."

Hakuna aliyecheka. Zuwena akaanza kukoroga udongo, na Feruzi akainuka, akachukua ndoo, akaenda kumchotea maji.